Kuangalia ndege Bukavu: kando ya Kivu ao kupanda Kahuzi, na mwezi gani?

Ukikaa Bukavu na uko na siku ya posho (Jumamosi) moja tu ya bure, ukataka kwenda kuangalia ndege wa pori, kuna njia mbili za kweli: unashuka kando ya ziwa ao unapanda Tshivanga mu parki ya Kahuzi-Biega. Umbali si mkubwa, kilometa kama 30 hivi kutoka mjini, lakini ziwa liko kwenye mita 1460, Tshivanga inapita 2000, na kilele cha Kahuzi chenyewe ni 3308, ile tofauti ya kimo njo inafanya ndege wa huku na wa kule wasijuane kabisa. Nitasema mapema niko upande gani: kwa mtu anayeanza, kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa tatu, ziwa linashinda bila mjadala. Msitu ni wa mtu ambaye macho na masikio yake yamekwisha kuzoea. Najua ndugu zangu wengi watakataa, watasema ndege wa ajabu wako kule juu, na ni kweli wako, ila ndege kuwa mu mti na wewe kumuona ni mambo mawili.

Majira kwanza, juu bila hiyo utapoteza siku yako

Sisi hatuna miezi ya baridi na miezi ya joto kama Ulaya. Tuko na masika kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, tuko na kipwa, wakati wa kavu, mwezi wa sita, wa saba na wa nane, halafu mu Januari na Februari mvua inapunguza kidogo, watu wanapumua. Mvua njo inaamrisha wadudu, maua na mbegu, kwa hiyo njo inaamrisha pia nani anajenga kiota na lini. Lakini kuna kalenda ya pili ambayo haiulizi mvua yetu hata kidogo, ni baridi ya Ulaya na Asia. Kule wadudu wakiisha juu ya baridi, mbayuwayu wanashuka, wanaanza kufika kwetu mwezi wa tisa na wa kumi, wanakaa wanakula, kufika mwezi wa tatu na wa nne wanarudi kuzalia kwao. Keremkerem wa Ulaya naye vile vile, unamsikia juu sana mbinguni kabla hujamuona, wanapita kwa kikundi wakiitana, saa ingine hata katikati ya mji unainua kichwa unawakuta juu ya Kadutu na hakuna mtu mwingine anayeangalia.

Ziwa linafuata kalenda zote mbili. Msitu wa mlimani unafuata zaidi ile ya mvua, kwa sababu ndege wake wengi hawaendi mbali, wanapanda na kushuka mteremko kufuata maua na matunda, basi. Ukishika hilo moja tayari unaweza kuchagua nusu.

Kando ya ziwa

Mwalimu wa kwanza pale ni mdiria mweusi-mweupe. Hakuna ndege mwenye huruma kwa anayeanza kama huyu: rangi zake ni mbili tu, hajifichi, na kazi yake anaifanya mbele ya macho yako. Anasimama hewani fasi moja, mabawa yanapiga mbio lakini kichwa hakitikisiki, halafu anaanguka mu mayi mzima mzima na kutoka na samaki mdomoni. Wadiria wengine wanahitaji tawi la kuvizia, huyu hapana, njo maana anavua mbali na ngambo (ukingo wa ziwa) kule wenzake hawafiki. Dume iko na mikanda miwili myeusi kifuani, jike iko na mmoja, mara nyingi umekatika katikati, kwa hiyo siku ya kwanza tu unatenganisha bwana na bibi, kitu ambacho msituni utakingoja sana.

Halafu kuna mnandi, wale weusi wanaosimama kwenye mawe wamenyoosha mabawa kwenye jua. Manyoya yao yanaloa, hiyo inawasaidia kuzama vizuri, lakini wakitoka lazima wajianike. Kuna fundichuma wa rangi ya kahawia mwenye kichwa cha kuchongoka nyuma, kiota chake ni lundo la matawi na matope kubwa mpaka mtu anaweza kusimama juu yake na lisivunjike, na wazee wengi hawapendi mtu akiguse, mimi nasema heshimu tu, hata kama huamini. Kuna yangeyange, kuna kwarara anayepiga kelele asubuhi akivuka juu ya nyumba, na mwewe, hao hata sina haja ya kuwaeleza, ukienda Beach Muhanzi saa ambapo samaki wanatengenezwa utawaona wanashuka karibu na vichwa vya ba mama.

Saa nzuri ni alfajiri, saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na sababu yake ni sambaza, wale samaki wadogo. Wavuvi wanavua usiku na taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, na kukikucha wanarudi ngambo wakiimba na mizigo yao, ndege nao wanajua saa hiyo kuliko sisi. Sambaza mwenyewe si mwenyeji wa hapa, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 juu Kivu haikuwa na samaki wa kula chakula cha mayi ya wazi kule katikati. Kwa hiyo huyu mdiria unayemuona anakula sambaza, anakula kitu ambacho mababu zake hawakukijua.

Sasa usijidanganye pia. Kivu si ziwa Edouard. Kivu imechimbika, mita karibu 485 kwenda chini, na ngambo zake nyingi ni mawe na miteremko, fasi za matope na mafunjo ni kidogo. Ndege wenye miguu mirefu wanataka mayi ya kufika magotini na hapa mayi ya kufika magotini ukipiga hatua mbili imekwisha. Ukiona mtu anakuahidi makundi makubwa ya ndege wa mayi hapa Bukavu, huyo anachanganya maziwa. Tafuta ghuba ndogo, fasi kijito kinaingia ziwani, fasi kuna majani. Upande wa Birava na Katana ni bora kuliko mjini, juu mjini peninsula zetu, Muhumba, Nguba, Labotte, karibu zote zimejaa kuta za watu na kushuka mpaka kwa mayi ni kuomba ruhusa kwa mlinzi.

Kitu kingine cha ziwa ambacho msitu hauna: mpaka. Pale Ruzizi inapotoka ziwani upande wa pili ni Rwanda, kuna daraja, kuna askari, na mtu anayesimama na jumeli (darubini) akiangalia ngambo ya pili anaonekana vibaya, hata ukiwa na kitabu cha ndege mkononi. Usiinue jumeli karibu na mpaka, bandari ao kambi, hata kama ndege mzuri amesimama pale pale. Na ni huzuni juu mlango wa Ruzizi njo fasi ndege wanapenda, pamoja na zile chupa za plastiki zinazoteremka kutoka mjini mpaka zinaziba barrage ya umeme. Usishangae kukuta yangeyange amesimama juu ya takataka anavua.

Mwezi kwa mwezi ziwa linakwenda hivi. Kuanzia mwezi wa kumi wageni wamejaa: mbayuwayu kwenye nyaya za umeme, na yule mdogo wa kwenye mawe anayetingisha mkia bila kuchoka, wenye kusoma Kifaransa wanamwita shevalie ginyeti, mara nyingi yuko peke yake, akiruka anaruka chini sana juu ya mayi na mabawa magumu. Masika pia njo wakati wa mnana kujenga viota mu mitende na mikaratusi, na hapo kaa kabisa, usipite mbio. Dume anasuka kiota, akimaliza ananing'inia chini yake anapiga mabawa kumwita jike, jike anaingia anakagua, akikataa anaenda zake. Kiota kikikaa bila mwenyewe mpaka majani yanakauka, dume mwenyewe anakibomoa anaanza kingine. Hiyo ni sinema ya bure na unaweza kuiona mu kiwanja chenu.

Kufika mwezi wa tano wageni wameenda. Mu kipwa wenyeji wote wako, mdiria, mnandi, wote, tena upepo wa kipwa unachanganya mayi ya juu, chakula kinapanda, samaki nao hawakosi. Shida ya kipwa ni mbili. Ya kwanza ni vumbi na moshi, milima ya Rwanda inapotea mpaka unasahau iko pale, na ndege wa mbali anakuwa kivuli tu. Ya pili ni rangi. Fumbwe, yule mdogo mweusi-mweupe mwenye mkia kushinda mwili wake ambaye mu masika anasumbua wenzake mashambani, akimaliza kuzaa anatupa mkia wote, anavaa kahawia ya michirizi, na hapo hata wenye kujua wanakuna kichwa. Mtu akianza na mwezi wa saba atafikiri ndege wote wa mashambani ni mmoja.

Kupanda Kahuzi

Parki iliundwa 1970, ikaingia mu urithi wa dunia 1980, na tangu 1997 iko mu orodha ya urithi ulio hatarini. Watu wanaijua kwa ngagi (gorila), na hiyo njo shida ya kwanza ya mtu wa ndege: ukifika Tshivanga bila kusema, utapangwa mu kikundi cha ngagi, mtatembea mbio kufuata nyayo na hautaona kitu kingine. Sema mapema unataka ndege. Omba gidi ao pisteri (mfuata nyayo) anayejua sauti, juu kule sauti njo kila kitu, miti ni mirefu, ukungu unashuka mpaka saa tatu saa ine, na ndege mdogo wa kijani ndani ya majani ya kijani juu ya kichwa chako, bila mtu wa kukuonyesha, utashinda siku nzima unaangalia majani.

Lakini ukipata, ee. Turako wa Rwenzori kwa mfano. Amekaa mu mti unaona kitu cheusi-kijani hivi cha kawaida, anapiga kelele mbaya kama mtu anayekwaruza sufuria, halafu anaruka na mabawa yanafunguka mekundu. Ile nyekundu si mwanga unaodanganya macho, ni rangi ya kweli iliyo na shaba ndani yake, na rangi hiyo haipatikani kwa ndege wengine isipokuwa ukoo wa turako. Kuna turako mwingine mkubwa wa buluu anayekimbia juu ya matawi, huyo ni rahisi zaidi, kelele zake zinajaza bonde. Kuna kwale wa mlimani anayevuka njia asubuhi mapema na kupotea kabla hujainua jumeli. Kuna chozi wa kifalme, kidogo sana, kifua chekundu na manjano pembeni, anazunguka maua, na huyu pamoja na yule turako na kwale ni wa milima yetu hii tu ya bonde la Albertine, kutoka Kongo yetu mpaka Uganda, Rwanda, Burundi, na chozi anafika hata magharibi ya Tanzania, ukivuka milima hii hauwapati tena duniani. Mtu wa Uingereza analipa tike ya ndege na vyumba vya hoteli kuja kuona kitu ambacho kutoka Bukavu ni safari ya asubuhi.

Wako na wengine wa shida zaidi. Chozi wa Rockefeller anaishi juu zaidi, mianzini na kupita, aliandikwa kwanza na Chapin, mtaalamu wa ndege, mu 1932 na jina ni la Mmarekani aliyekuja kukusanya ndege huku. Yule wa kijani mwenye mdomo mpana, mwenye jina la Grauer mkusanyaji wa ndege, mtaalamu Rothschild alimwandika 1909, watu wanamtafuta miaka na hawampati. Mu bwawa la Musisi, kando ya barabara ya parki, kuna ndege mdogo wa rangi ya udongo, naye ana jina la Grauer, anaishi mabwawani ya milimani tu, anaimba ndani ya majani na hatoki. Ukimsikia andika umemsikia, inatosha.

Swali moja linaulizwa kila mara: tausi wa Kongo je? Yule ndege wa taifa, Chapin huyo huyo ndiye alimtambulisha 1936. Yuko mu parki, lakini upande wa chini, kule msitu wa joto, si Tshivanga. Ukipanda Tshivanga kumtafuta umepotea njia.

Kuhusu majira, hapa njo watu wengi wanachagua vibaya. Wanasema kipwa ni kizuri juu njia ni kavu, na kweli njia ni kavu, viatu vinarudi safi, lakini ndege wengi wamenyamaza. Ndege anaimba sana akiwa na uwanja wa kutetea na bibi wa kuita, na hiyo inakwenda na mvua. Mu kipwa unatembea vizuri ndani ya msitu wa kimya, na msituni kimya maana yake ni hakuna kitu. Mwezi wa kumi na moja ndege wanaimba lakini matope yanakushika miguu, ruba hazikosekani mu majani, na mvua ya saa nane haikosi. Kwangu Februari inashinda miezi yote kule juu: mvua imepungua, nyimbo bado zipo, na kama una bahati unakuta kikundi cha mchanganyiko, aina nyingi za ndege wadogo wanatembea pamoja mu matawi wakifukuza wadudu, dakika tano za kelele halafu wamepita. Kipwa kina faida moja ya kweli, kupanda Kahuzi mpaka juu, hilo mu masika silishauri.

Pesa na vifaa, haraka

Ziwa linakula franga ya pikipiki na chai. Parki ni tike, gidi, na usafiri, na bei ya mwenyeji si ya mgeni, uliza mwenyewe kabla ya kupanda, pia uliza kuhusu usalama wiki hiyo hiyo, siyo habari za mwaka jana, juu hali ya parki na ya barabara inabadilika. Jumeli: kama utanunua moja tu nunua 8x42, inaingiza mwanga mu msitu na haitetemeki mkononi, ile ya kukuza mara 10 ni tamu ziwani lakini chini ya miti inakuchosha. Koti la baridi kwa Tshivanga, watu wa Ibanda wanapanda na tishati wanashuka wanatetemeka.

Njia zingine zipo. Uwanda wa Ruzizi kushuka Kamanyola ni joto, ndege tofauti tena, lakini mteremko wa Ngomo unakula siku yako. Milima ya Itombwe ni ya ndoto: bundi wa ajabu alipatikana kule 1951, akaja kushikwa tena 1996 tu, si fasi ya siku moja. Lwiro ni chaguo zuri la siku ya mvua, kituo cha utafiti tangu 1947, na ukiomba vizuri unaweza kuonyeshwa ndege waliohifadhiwa, unashika rangi na ukubwa mu kichwa kabla ya kwenda kuwatafuta wenye uhai. Nyungwe, msitu wa Rwanda, iko karibu, njia zake zimetengenezwa, lakini unahesabu mpaka na bei.

Kwa hiyo nani aende wapi

Mwenye watoto: ziwa, hata usifikiri, watoto wanataka kitu kinachotumbukia. Mwanafunzi asiye na pesa: ziwa masika yote, na Tshivanga mara moja mu Februari na wenzake kwa kugawana gari. Mwenye mgeni kutoka nje anayejua ndege: mpeleke juu moja kwa moja, usimpotezee asubuhi na mwewe, na umwambie tangu mwanzo ngagi ni safari ingine na tike ingine. Mwenye kuwinda picha: ziwa kwanza, juu mdiria anakusubiri, kule juu utarudi na picha za ukungu. Na mwenye kutafuta kasuku wa kununua, ndugu yangu, huyo sina njia ya kumshauri, kasuku wa Kongo biashara yake ya kimataifa ya wale wa porini imefungwa tangu 2017, na wa mu kitundu hahesabiwi kwenye orodha ya mtu yeyote.

Ukiwa na Januari ao Februari yote mikononi, fanya zote mbili: siku ya posho panda, siku ya yenga baada ya misa shuka ziwani saa kumi, jua limelegea, mbayuwayu bado hawajaondoka.